Jicho Jeupe Lisiloona: Kuvimba kwa Neva ya Jicho

Tumezoea kuutambua ugonjwa wa jicho kwa wekundu, tongotongo au mtoto wa jicho. Hata hivyo, upo ugonjwa usioonekana kwa nje. Nyuma ya kila jicho ipo neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Neva hiyo ikivimba, mgonjwa huona ukungu katikati ya jicho moja, nao huongezeka kwa siku chache. Rangi hupauka, na jicho huuma linapozungushwa. Lenyewe hubaki jeupe.

Ili kujipima, tazama kitu chekundu kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Wekundu ukififia upande mmoja, usisubiri.

Mara nyingi chanzo ni kinga ya mwili kuishambulia neva. Lakini kaswende na kifua kikuu navyo huivimbisha, na si kila neva iliyodhurika imevimba. Dawa ya ethambutoli, inayotumika kutibu kifua kikuu, yaweza kuidhuru. Mgonjwa anayeitumia asiache dozi kwa uamuzi wake. Atoe taarifa kituoni siku hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 1988, vijana wa Dar es Salaam walionekana kupoteza uoni wa katikati katika macho yote mawili. Upungufu wa lishe ulikuwa miongoni mwa sababu zilizoshukiwa.

Kwa hiyo, chanzo ndicho huamua tiba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992 ulionyesha kuwa methiliprednisoloni ikitolewa kwa mshipa siku 3, ikifuatwa na vidonge, huharakisha kurejea kwa uoni. Vidonge vya prednisoni peke yake, kwa dozi ya kawaida, viliongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi. Basi asitokee mtu akanunua vidonge hivyo dukani, wala kutia jichoni dawa ya majani.

Wagonjwa wengi huanza kupata nafuu ndani ya wiki chache. Macho yote mawili yakipatwa, au nafuu isipoonekana, uchunguzi zaidi unahitajika haraka.

Mkazi wa Muze au Mtowisa, huko bondeni, ana safari ndefu ya kupanda hadi Sumbawanga. Aanze mapema: afike zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aeleze siku dalili zilipoanza na dawa anazotumia, kisha aombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Jicho lisilo jekundu nalo lastahili kupimwa.