Kuitafuta Hitilafu Kigeugeu ya Enkoda katika Mashine za CNC

Mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa kwa tarakimu ilionyeshwa mwaka 1952 katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, ikipokea amri zake kutoka katika utepe uliotobolewa. Warithi wake, mashine za CNC, huongozwa na kompyuta. Fundi wa Chang'ombe wilayani Temeke, au wa Mikocheni wilayani Kinondoni, aliye na mashine ya namna hiyo huichukia hitilafu moja kuliko nyingine: mashine husimama ghafla ikitangaza kosa la enkoda, kisha hufanya kazi vizuri iwashwapo tena. Mara nyingi enkoda mpya huagizwa kutoka ng'ambo, kazi husimama kwa majuma, fedha hutumika, na kosa hurudi vilevile. Hasara hiyo yaweza kuepukwa kwa uchunguzi wa utaratibu.

Enkoda ni nini?

Enkoda ni jicho la mashine. Katika aina ya kawaida, kisahani chenye mistari myembamba huzunguka pamoja na mhimili wa mota mbele ya taa ndogo. Nuru ikikatizwa na mistari, kipokea-nuru hutoa mapigo ya umeme, na kompyuta huyahesabu. Mapigo hutoka kwa njia mbili, A na B, zinazopishana kwa robo ya hatua. Njia itanguliayo huonyesha mota inazungukia upande gani.

Kisahani cha mistari 1,000 hutoa hivyo hesabu 4,000 kwa mzunguko. Ikiwa parafujo husogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko, hesabu moja ni milimita 0.00125. Zikipotea hesabu 40 tu, kosa ni milimita 0.05, nalo latosha kuharibu kikalio cha beringi.

Kwa nini kosa huja na kuondoka?

Enkoda iliyokufa hukosea wakati wote. Kosa la mara mojamoja laweza kutoka ndani ya enkoda, hasa mafuta yakiingia kwenye kisahani. Lakini mara nyingi ishara huvurugwa njiani. Waya uliokatika ndani ya ganda lake hugusana na kuachana kadiri meza inavyosogea. Pini za viungio hushika kutu kwa unyevu na chumvi ya pwani. Mota kubwa na mashine za kuchomelea hupenyeza mapigo ya uongo kwenye kebo.

Hatua za uchunguzi

1. Liwekwe daftari. Kila kosa liandikwe saa yake, mahali pa meza, na mitambo mingine iliyokuwa ikifanya kazi. Kosa la mahali pamoja huelekeza kwenye kebo inayopindwa. La wakati jirani anachomelea, kwenye vurugu za umeme. La asubuhi za masika, kwenye unyevu.

2. Swichi kuu izimwe, na fundi asubiri kapasita zipoteze umeme. Viungio visafishwe na kukaushwa. Kila waya upimwe kwa mita huku kebo ikipindwa taratibu.

3. Umeme ukisharudishwa, volti ipimwe upande wa enkoda, si kabatini peke yake. Enkoda nyingi hutaka volti 5, na kebo ndefu huzipunguza.

4. Kebo ya ishara itengwe na ya mota, na wavu wake wa kinga uunganishwe na ardhi kama mtengenezaji anavyoagiza. Waya wa ardhi upimwe wakati wa kiangazi pia, kwa kuwa mchanga mkavu hupitisha umeme kwa shida.

5. Ikiwa mihimili miwili ina kebo za aina moja, zibadilishane nafasi. Kosa likihama pamoja na kebo, kebo ndiyo yenye hatia. Kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Enkoda isifunguliwe kwenye mota bila kuwekewa alama. Katika mota nyingi za servo, nafasi yake huamua umeme uingie lini katika koili. Ikikosewa, mota yaweza kukimbia ovyo na kujeruhi.

Maswali ya kujipima

(a) Enkoda ya mistari 2,500 inaendeshwa na parafujo isogezayo meza milimita 10 kwa mzunguko. Hesabu moja ni milimita ngapi?

(b) Kosa hutokea kila meza ifikapo milimita 300, hata mitambo mingine ikiwa imezimwa. Kichunguzwe nini kwanza?

Majibu: (a) Milimita 0.001. (b) Kebo, mahali inapopindwa.