Gari Kuukuu na Mfuko wa Nyumba

Huko Marekani wako watu wanaonunua magari ya zamani, kama Chevrolet Bel Air ya 1957, wakayafufua na kuyapeleka kwenye maonyesho. Ni burudani safi. Lakini imezua ugomvi katika nyumba nyingi, na aliye na Peugeot kuukuu nyuma ya nyumba atanielewa.

Bei ya kununua ndiyo ndogo. Kutu hujificha chini ya rangi na sakafu. Ukianza kukwangua, bati lote linabomoka. Tena Bel Air ina mapambo mengi ya kromu, na kila kipande hung'olewa, hunyooshwa na kuchovywa upya. Hapo karo ya watoto huondoka kimya kimya. Mara nyingi hata gari likiuzwa halirudishi gharama.

Basi kabla ya kufungua nati ya kwanza, kaeni wawili. Kubalianeni kiasi, na kila risiti iandikwe katika daftari ambalo mke pia analisoma.

Chama cha AACA, kilichoanzishwa 1935, hupokea magari ya miaka 25 au zaidi. Waamuzi huanza na alama 400, wakipunguza kwa kila kasoro. Wanataka gari lilivyotoka kiwandani; kulipamba kupita hapo hakuongezi alama. Kwa hiyo kazi ya kutafuta picha na vitabu vya kiwanda ni kubwa, nayo haihitaji spana. Gawaneni.

Kila Oktoba, huko Hershey, Pennsylvania, chama hicho huwa na soko kubwa la vipuri vya zamani. Wenye busara huenda mume na mke, wakiwa na orodha waliyoiandika nyumbani.