Mtoto Aliyetulia

JUMATANO

Soma Zaburi 131, Isaya 58:13, Kumbukumbu la Torati 6:6, 7. Mzazi aliyechoka anaweza kumfundisha mtoto nini kuhusu pumziko?

Ni Sabato, saa tisa alasiri. Familia imerudi kanisani na imekwisha kula. Baba amejilaza, mama ameketi huku miguu ikimuuma. Mtoto wao wa miaka mitano anaruka kutoka kiti hadi kiti. "Tulia! Hujui leo ni Sabato?" Anatulia kidogo, kisha anaanza tena, na anakemewa tena. Kufikia machweo amesikia neno Sabato mara nyingi, na kila mara limekuja pamoja na karipio.

Wazazi hao hawana nia mbaya, wamechoka tu. Lakini amri ya nne inamtaja mwana na binti mara tu baada ya mzazi mwenyewe (Kutoka 20:10). Pumziko hilo ni la mtoto pia. Isaya anaiita Sabato siku ya furaha. Je, mtoto huyu ataiitaje?

Katika Zaburi 131, yenye mafungu matatu tu, Daudi anaifananisha nafsi yake na mtoto aliyeachishwa kunyonya. Mtoto anyonyaye hutulia kwa sababu amepata maziwa. Aliyeachishwa hutulia kwa sababu mama yupo. Hakuamriwa kunyamaza, utulivu wake umetoka kwa yule aliye karibu naye. Simu pia huweza kumnyamazisha mtoto, lakini haiwezi kumpa mzazi wake.

Soma 1 Wafalme 19:5–12. Mungu alianzaje kumhudumia Eliya aliyechoka?

Malaika hakuanza kwa hubiri. Eliya alipewa chakula na maji mara mbili, akalala katikati yake. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye. Mara nyingi mtoto msumbufu ana njaa au usingizi. Apewe kwanza uji na mahali pa kujilaza.

Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nyakati nne za kuwafundisha watoto: kuketi, kutembea, kulala na kuondoka. Mbili kati ya hizo, kuketi na kulala, hazihitaji nguvu nyingi. Hata mzazi aliyechoka anaweza kufanya haya:

Kusikiliza. Wote wafumbe macho na kuhesabu sauti wanazosikia: ndege, upepo, mvua juu ya bati. Kisha isimuliwe habari ya Samweli (1 Samweli 3:1–10) kwa sauti ya chini.

Kuchora. Karatasi ikikunjwa katikati mara tatu hutoa sehemu nane. Mtoto achore siku saba za Mwanzo 1:1–2:3, na katika sehemu ya nane aandike jina lake.

Vitendawili. Mzazi anaweza kutega akiwa amejilaza. "Kitendawili!" "Tega!" "Nilitumwa juu ya maji, nikarudi jioni na jani mdomoni." (Njiwa wa Nuhu, Mwanzo 8:11.) Mtoto naye apewe zamu ya kutega.

Nyota. Ijumaa usiku, baada ya ibada ya kuikaribisha Sabato, mkeka utandikwe nje. Watoto wajaribu kuzihesabu nyota mpaka washindwe, kisha wasomewe Zaburi 147:4 kuhusu Yule anayeijua hesabu yake.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha. Yote yanahitaji mzazi awepo.

Mtoto wa nyumbani kwako akiulizwa leo, "Sabato ni nini?", unadhani atajibu nini? Ungependa ajibu nini mwaka ujao?

Kwa majadiliano ya darasa: Katika kanisa lenu yuko mama au baba anayelea watoto peke yake, ambaye Sabato humkuta amechoka kuliko siku nyingine. Darasa lenu linaweza kumsaidiaje Sabato hii, ili yeye na watoto wake wapumzike pamoja?