Je, Chumvi ya Uvinza ni Madini?

Swali: Hapa Ujiji mwalimu anasema chumvi ni madini. Mbona inayeyuka, na mawe ya ufukweni hayayeyuki?

Jibu: Mwanangu, mwalimu kasema kweli. Madini ni kitu kigumu cha asili, chenye chembe zilizojipanga kwa utaratibu mmoja. Tazama chumvi ya mawe juani: utaona visanduku vya pembe nne. Ni sodiamu na klorini, na maji huzitenganisha upesi. Uvinza, watu walichemsha maji ya chemchemi zake za chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000 ili kupata chumvi hiyo.

Lakini jiwe la ufukweni ni mwamba, yaani mkusanyiko wa chembe za madini. Mawe mengi ya ufukwe wa Kigoma ni mchanga wa kale ulioshikamana, umejaa madini yaitwayo kwatsi. Kwatsi ni ngumu hata hukwaruza kioo, nayo haiyeyuki majini kama chumvi. Mawimbi hulainisha kingo za mawe hayo tu.