SIRI ZA WALENGWA WETU NDANI YA SIMU ZETU
Somo la robo hii kwa kamati za sharika



Somo hili limetokana na kosa letu wenyewe. Tunaliandika ili kamati nyingine zisilirudie, na ili wahisani wetu waelewe kwa nini taarifa tunazowatumia siku hizi zimebadilika sura. Kamati inaweza kufungua kikao chake kwa kusoma Mithali 11:13.

Kilichotokea

Mwaka 2023 ofisi ya mradi iliwaomba makatibu wa kamati watume kwa WhatsApp orodha za watoto wanaosaidiwa, ili taarifa ya nusu mwaka iwahi. Katibu wa usharika mmoja alifanya kama tulivyoomba. Aliipiga picha karatasi yenye majina ya watoto, majina ya walezi, na safu ya mwisho inayoonyesha nani anatumia dawa za kufubaza virusi. Akaituma kwenye kundi la makatibu.

Hakuna mtu aliyeiba simu yake wala kuingilia ujumbe wake. Ila siku aliponunua simu hiyo, akaunti ya Google alifunguliwa na kijana wa nyumbani kwake, na akaunti hiyo hiyo ilikuwa inatumika katika simu ya kijana. Kila picha iliyopigwa kwa simu ya katibu ilikwenda yenyewe kwenye hifadhi ya intaneti na kuonekana katika simu ya pili. Kijana aliiona orodha, akamwonyesha mwenzake.

Haikupita muda bibi mmoja mlezi akaacha kumpeleka mjukuu wake kliniki, kwa kuwa majirani walikuwa wameanza kuuliza maswali. Ilichukua karibu miezi mitatu na safari nyingi za mwinjilisti na mama mmoja mzee wa kanisa, ndipo bibi akakubali. Hata hivyo alichagua kituo cha mbali ambako hafahamiki, na nauli inalipwa na mradi. Mtoto yule alikosa dawa kwa muda wote huo.

Tulipoketi na makatibu, wengi waliuliza swali moja: je, si WhatsApp wanasema ujumbe umefungwa na hausomwi na mtu? Jibu ni kwamba wanasema kweli, lakini ni kweli kuhusu sehemu moja tu ya safari.

Kufumba ujumbe ni nini?

Kufumba ujumbe ni kuugeuza usisomeke na mtu asiye na ufunguo. Jambo hili ni la kale. Julius Caesar wa Roma alifumba barua zake kwa kusogeza kila herufi nafasi tatu. Kwa njia hiyo neno DADA linakuwa GDGD, na ufunguo ni ile namba tatu. Simu za leo hutumia hesabu ngumu mno kuliko hiyo, lakini wazo ni lile lile.

Tangu Aprili 2016 ujumbe wote wa WhatsApp hufumbwa mwisho hadi mwisho. Maana yake, ufunguo uko katika simu ya mtumaji na simu ya mpokeaji peke yake. Kampuni inayosafirisha ujumbe haiwezi kuusoma, ingawa inaweza kujua nani amewasiliana na nani na saa ngapi. Signal nayo hufumba hivyo hivyo. Telegram haifumbi mwisho hadi mwisho isipokuwa katika mazungumzo ya siri ya watu wawili, ambayo mtumiaji lazima ayaanzishe mwenyewe. Makundi yake hayamo. Ujumbe mfupi wa kawaida wa simu haumo kabisa.

Mahali pa kuangalia ni patatu

Kwanza ni njiani. Hapo WhatsApp na Signal zinalinda vizuri.

Pili ni mwisho wa safari, yaani simu zenyewe. Ujumbe ukifika hufumbuliwa ili usomwe. Kundi la watu 30 lina simu 30, na kila simu ina watoto wa nyumbani, fundi, na siku ya kupotea.

Tatu ni nakala ya akiba. Simu nyingi hutunza nakala ya mazungumzo na picha katika hifadhi ya intaneti, ambayo wengi huiita wingu. Simu za Android hutumia Google, na iPhone hutumia iCloud ya Apple. Nakala hiyo ni msaada mkubwa simu ikiharibika. Lakini kwa miaka mingi nakala za WhatsApp huko juu hazikuwa zimefumbwa mwisho hadi mwisho. Mwaka 2018 nchini Marekani, katika kesi ya Paul Manafort aliyewahi kuongoza kampeni ya Donald Trump, wapelelezi walipata ujumbe wake wa WhatsApp kutoka katika akaunti yake ya iCloud. Hawakuhitaji kuuvunja ufunguo wa njiani.

Mwaka 2021 WhatsApp ilileta njia ya kufumba nakala hizo pia, kwa neno la siri au kwa ufunguo wa tarakimu 64. Haijiwashi yenyewe, mwenye simu lazima aiwashe. Nayo picha zilizopigwa kwa kamera huenda kwenye hifadhi nyingine kabisa, ambayo ufunguo huo haiigusi. Ndipo orodha yetu ilipotokea.

Mambo ya kufanya

1. Orodha yenye jina na hali ya afya isipigwe picha wala kutumwa kwa simu. Ikae katika daftari moja, ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo awe nao mtu aliyetajwa katika muhtasari wa kikao.

2. Katika mawasiliano yote tumieni namba ya mtoto badala ya jina. Daftari linalounganisha namba na majina lisitoke usharikani.

3. Kila katibu awe na akaunti yake mwenyewe, yenye neno la siri analolijua yeye tu. Kama ilifunguliwa na mwuza simu au ndugu, badilisheni neno la siri na kuondoa simu nyingine zilizomo.

4. Katika mipangilio ya WhatsApp, kwenye sehemu ya soga na nakala zake za akiba, washeni ufumbaji wa mwisho hadi mwisho. Andikeni neno la siri mahali salama, maana mkilisahau na simu imepotea, WhatsApp haiwezi kuwarudishia mazungumzo hayo.

5. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, na msimpe mtu yeyote namba ya tarakimu sita inayokuja kwa ujumbe mfupi, hata akijitambulisha kuwa ni mtu wa ofisi yetu.

6. Mtu akimaliza muda wake katika kamati, atolewe kwenye kundi siku hiyo hiyo.

Sheria nayo inasemaje?

Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto na za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 nayo inataka majibu ya vipimo yatunzwe kwa siri. Hivyo kamati ya usharika haiwezi kusema kwamba sisi ni watu wa kanisa tu.

Kwa wahisani wetu

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini taarifa hazina tena picha na majina ya watoto. Tulizoea kuwapa vitu hivyo kwa sababu tuliona vinagusa mioyo, na katika kufanya hivyo tuliwafundisha makatibu wetu kwamba siri ya mtoto ni kitu cha kutumwa. Tunaomba mridhike na namba, umri, na maendeleo ya shule. Anayetaka kuhakiki, tunamkaribisha aje akae nasi ofisini.

Maswali ya kujadili

1. Orodha za walengwa wa usharika wetu zipo wapi leo, na katika simu ngapi?
2. Nani mwingine anaweza kufungua simu ya katibu wetu?
3. Kama jina la mtoto wangu lingekuwamo, ningetaka kamati hii ifanye nini kabla ya kikao kijacho?

Tunaomba kila kamati ituandikie jibu la swali la kwanza kwa idadi tu, bila majina. Mungu awabariki katika kazi hii.