TUJIFUNZE PAMOJA: "Hard" na "Hardly" katika Barua ya Kikundi



Juzi katibu wa kikundi kimoja cha akina mama aliniletea barua ya kuomba msaada wa tangi la maji, niipitie kabla hawajaituma. Mwandiko safi, sahihi zote ziko. Lakini mstari wa tatu ulisema: "Our members hardly work." Nikamwuliza, "Mama, hapa ulitaka kusema nini?" Akanijibu, "Kwamba tunafanya kazi kwa bidii." Maskini! Kumbe kwa Kiingereza ameandika kwamba wanachama wake karibu hawafanyi kazi kabisa. Mfadhili akisoma hivyo, tangi litaenda kwa wengine.

Kosa hili si la uzembe. Shuleni tulifundishwa kuongeza "-ly": "slow" ikawa "slowly", "careful" ikawa "carefully". Basi mtu anaona "hard" nayo lazima iwe "hardly". Hapana. "Hard" haibadiliki: "hard work" ni kazi ngumu, na "we work hard" ni tunafanya kazi kwa bidii. "Hardly" ina maana yake nyingine: kidogo sana, hata ni kama hakuna. Zamani za kale Waingereza wenyewe walisema "hardly" kwa maana ya kwa nguvu. Wakaiacha, wakatuachia sisi taabu.

Angalieni pia neno linakaa wapi. "They dug hard": "hard" imefuata kitendo, walichimba kwa nguvu. "They hardly dug": "hardly" imetangulia, yaani walichimba kidogo tu. Na kwa kuwa "hardly" tayari inakanusha, usiiongezee "not". Mweka hazina akiandika "We have hardly any money", ameshasema sanduku karibu ni tupu.

"Late" na "lately" ni vivyo hivyo. Katika kumbukumbu za mkutano, "She paid late" ni alilipa kwa kuchelewa. "She has not paid lately" ni siku hizi za karibuni hajalipa. Wa kwanza mtamtoza faini. Wa pili mtamtembelea nyumbani mjue kuna shida gani.

Zoezi la kikundi: Jadilini "It rained hard" na "It hardly rained". Mkiandika ripoti ya ukame kwa chifu, mtatumia ipi?