Darasa au choo kwanza?

Swali: Kijijini tunachangishwa kujenga darasa, ilhali mabinti zetu wanapanga foleni chooni. Je, tuna sauti?

Jibu: Mnayo, tena kubwa. Kwa sheria za Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi 3, na hapo ndipo pa kusemea. Lakini nendeni na hesabu. Kiwango ni tundu 1 la choo kwa wasichana 20, tundu 1 kwa wavulana 25, darasa 1 kwa wanafunzi 45. Ombeni kamati ya shule idadi ya watoto, mkahesabu matundu wenyewe. Pengo liingizwe kwenye muhtasari wa mkutano, lipite kamati ya maendeleo ya kata, diwani alifikishe halmashauri. Na wasichana waulizwe. Wao ndio wanaojua mlango upi haufungiki.